Dawa Isiyoonjwa

Mtu akiniambia leo kwamba anataka "kuhifadhi" kitu, namuuliza kwanza: utakifungia wapi, na ufunguo atakaa nao nani? Watu wananiona mkali. Ni kweli, mimi ni mkali. Nimezaliwa Bukavu, nimelelewa na wanawake wasiofunga midomo, na hapa Brussels nimefanya kazi ya kugeuza wagonjwa kitandani miaka mingi, hata subira yangu yote naimalizia kazini. Nikifika nyumbani kinachobaki ni ulimi. Na haya ninayoyaandika, ulimi wangu ndio ulioyaleta, kwa hiyo sina wa kumlaumu, ingawa nalaumu.

Tulikuwa tunakaa Jette, mume wangu na mimi, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Watoto walikuwa wamekwisha kuondoka. Chini yetu, ghorofa ya pili, walihamia watu wawili: mzee mwembamba aliyepita miaka themanini, na mjukuu wake wa kike mwenye miaka kama ishirini na miwili. Haikupita wiki, ngazi ikaanza kunuka. Si harufu mbaya. Ilikuwa harufu chungu na nzito, ya mizizi yenye udongo bado, na ilipanda mpaka jikoni kwangu.

Mume wangu ni mtu wa Lubumbashi, na watu wa Lubumbashi wana jibu la kila kitu.

"Bibi," akaniambia, "bale ba Chinois ba chini banavuta bangi."

"Si ba Chinois. Ni batu ba Tibet. Mutoto wao aliniambia ku ngazi."

"Tibet, Chine, yote moya. Miye nasikia harufu ya bangi."

"Na weye bangi unaijulia wapi, papa wa kwaya?"

Akarudi kwenye televisheni yake.

Lakini jirani wa chini kabisa, bwana mmoja mwenye mbwa, hakuja kuniuliza mimi. Aliwapigia polisi. Nilirudi kutoka zamu ya asubuhi nikawakuta polisi wawili mlangoni mwa ghorofa ya pili, msichana amesimama mbele yao, na mzee amekaa kwenye kiti ameshika kifuko cha kitambaa kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyoshika kifaranga. Polisi alikuwa anauliza kwa mara ya tatu: hiki ni nini? Msichana alikuwa anajibu "médicament, médicament," dawa, dawa, na kadiri alivyolirudia neno ndivyo lilivyozidi kusikika kama uongo.

Domo likanipanda. Nikaingia bila kukaribishwa, na mfuko wangu wa viazi mkononi. "Bon, messieurs, mnamtesea nini huyu papa?" Nikachota unga kidogo kwenye kile kifuko, nikautia mdomoni, nikatafuna mbele yao. Ee Mungu wangu! Uchungu ule sijawahi kuuonja mahali pengine. Machozi yalinitoka. Lakini sikutema, kwa sababu mtu wa Bukavu akishaanza maonyesho hayakatizi katikati. "Mnaona? Sijafa, na sijaanza kucheza. Ni chai ya majani." Polisi mmoja akacheka, wakaandika kitu, wakaenda zao.

Mzee naye akacheka. Akasema neno, na mjukuu akanitafsiria kwa Kifaransa: "Anauliza umeonja nini."

"Uchungu, jamani! Atake nini kingine?"

"Anauliza, na baada ya uchungu?"

Nikafikiri. Baada ya uchungu kulikuwa na ubaridi, nyuma kabisa ya ulimi, na utamu mdogo uliochelewa. Nikamwambia. Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, akaninyooshea kidole. "Anasema Madame wa juu ana ulimi," akasema msichana. Tangu siku hiyo nilikuwa Madame wa juu. Mimi nilimwita papa, maana kwetu mzee haitwi monsieur, na msichana aliniita tantine, yaani shangazi, neno alilolisikia kwa Wakongo wa jengoni.

Ndivyo nilivyomjua. Kwao daktari wa namna hiyo anaitwa amchi. Si mtu wa kupiga ramli wala wa kutupa mifupa. Alikuwa amekariri vitabu tangu utotoni, akapanda milima na mwalimu wake kuchuma, na alipoikimbia nchi yake alibeba dawa zake kabla ya nguo. Alikaa India miaka mingi. Mwanawe, baba wa msichana, ndiye aliyekuwa arithi kazi, akafa mapema. Walipofika Ubelgiji wakapewa karatasi za ukimbizi, mzee alikuwa amebaki na mjukuu mmoja na vifuko arobaini na kimoja vya kitambaa. Kila kifuko mmea wake. Baadhi, kama lile tunda kavu waliloliita arura, tuliweza kulipata kwenye maduka ya Wahindi. Mingi haikupatikana. Kuna mzizi wa juu kabisa ya milima, honglen, unaotuliza homa, ambao alisema wameung'oa sana mpaka mtu anaweza kutembea siku tatu asiuone. Yeye alikuwa na ngumi moja ya huo mzizi.

Vifuko havikuwa na jina lolote juu yake. Nilishangaa. Mimi kazini hata kikombe cha meno nakibandika jina. Mzee akasema daktari anayehitaji kusoma jina la dawa yake hajaijua.

Jumamosi asubuhi ilikuwa siku ya somo. Msichana alifanya kazi ya kuosha vyombo kwenye mgahawa karibu na stesheni ya Gare du Nord, na Jumamosi ndiyo aliyoiomba iwe ya mapumziko. Alikaa chini, akafungwa macho kwa skafu, akafungua mdomo. Mzee alimwekea kipande juu ya ulimi. Alitafuna, akasubiri, kisha akaanza kusema: jina, ladha ya kwanza, ladha inayofuata, kama ni mmea wa moto au wa baridi, kama unaota upande wa mlima unaotazama jua au upande wa kivuli, unaingia kiungo gani, unadhuru nani. Akikosea neno moja, mmea uleule unarudi wiki inayofuata. Kuna mmea ulirudi miezi miwili. Nilikuwa nakaa pale na kikombe changu cha chai ya siagi na chumvi, ambayo kwa kweli ni supu, tusidanganyane, nikimtazama msichana mwenye mikono iliyobabuka kwa sabuni akijifunza mlima kwa ulimi.

Alipokuwa amefika mmea wa kumi na tisa, mzee alianza kukohoa usiku na mchana. Mimi kikohozi nakijua, ni kazi yangu. Na yeye alikijua kuliko mimi. Aliniambia wazi kupitia kinywa cha mjukuu wake, na mjukuu alitafsiri akiangalia sakafu: nikifa kabla hajaonja yote, mwalimu wangu na mwalimu wake na wote wa nyuma yao wanakufa pamoja nami.

Sitaki mfikiri nilikuwa nimewehuka kwa mambo ya Tibet. Siku moja aliniomba mkojo wangu wa asubuhi, wa kwanza, kwenye bakuli jeupe, aukoroge atazame povu. Yesu! Kwetu mtu akitaka mkojo wako, unahama mtaa. Nilikataa katakata, naye akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Akatosheka na kunishika mkono, vidole vitatu juu ya mshipa, kisha akasema silali vizuri na nina hasira ya zamani imekaa upande wa ini. Nikamwambia hilo hata mume wangu angemwambia bure.

Hasira yenyewe nitaisema, maana ndiyo iliyonifanya nikawa na kiherehere. Nyanya yangu, mama wa mama, alitibu watu kwa majani. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano nilikuwa nimeokoka moto moto, na mchungaji wetu alisema kila nyumba ilete vitu vya giza vichomwe. Kikapu cha nyanya nilikibeba mimi. Si mama, si kaka, ni mimi, na nyimbo mdomoni. Nyanya hakunipiga. Alisema tu kwamba mle ndani mlikuwa na dawa ya tumbo la watoto. Kwa hiyo nilipomwona huyu mzee na vifuko vyake, nilijiapiza kwamba vya huyu havitapotea. Ona jinsi mtu anavyojipalia makaa.

Majira ya baridi yakaja, na ukuta wa ghorofa ya pili ukaanza kutoka jasho. Mnajua nyumba hizi za kupangisha. Mimea ya asili ya moto hukaushwa juani, na ile ya asili ya baridi hukaushwa kivulini, na ukigeuza mambo, umebaki na majani matupu, dawa imeondoka. Sasa jua la Jette mwezi wa kumi na mbili ni lipi? Mzee alitandaza vitambaa vyake dirishani, akavisogeza na kuvisogeza, na vile vya kivulini akaviweka chini ya kitanda, mahali palipokuwa na unyevu kuliko pote. Siku moja msichana alipanda akinigongea mlango. Kifuko kimoja kilikuwa kimeota ukungu wa kijani. Nilimkuta mzee ameketi nacho mapajani, analia bila sauti. Wiki hiyohiyo ikaja barua ya mwenye nyumba kuhusu harufu: waondoe vitu vile au waondoke wenyewe.

"Sasa bafanye nini?" nikamuuliza mume wangu.

"Bao benyewe bafanye. Weye unajitia mu mambo ya batu, kisha bakikulaumu utalia."

Hapo alisema kweli, na sitamsamehe kwa kusema kweli.

Nilikuwa nimemhudumia bibi mmoja wa Kibelgiji mpaka siku yake ya mwisho, na binti yake, mama wa makamo, alifanya kazi kwenye taasisi ya kutunza mimea mikavu. Alikuwa ameniachia namba yake, akisema nikihitaji kitu nisisite. Sikusita. Nilimpigia siku ileile, na Jumamosi iliyofuata alikuwa kwa mzee, amepiga magoti sakafuni na koti lake zuri, anafungua kifuko kimoja kimoja na kunusa, na machozi yanamlengalenga. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa sana awe mtu mbaya. Alisema hazina kama hii haiwezi kuachwa ioze kwenye chumba chenye unyevu. Wao wana ukumbi mkavu, baridi sawasawa mwaka mzima, hakuna wadudu, hakuna ukungu. Vitakaa miaka mia mbili.

Mzee alisikiliza tafsiri. Kisha akasema ana ombi moja tu: kila Jumamosi yeye na mjukuu waje, waonje mmea mmoja, mpaka yote iishe. Msichana akatafsiri. Yule mama akasema, "Mais bien sûr, mtakuja, mtakaribishwa daima."

Mtakuja. Hakusema mtaonja. Mimi nilikuwa pale, masikio yangu mawili mazima, na sikulisikia pengo hilo.

Nilikuwa nafikiria kitu kingine. Nilikuwa nafikiria muhuri. Mtu aliyekulia kwetu wakati ule anajua: karatasi bila cachet si karatasi. Unaweza kuandikiwa na waziri kwa mkono wake, kama hakuna cachet, askari wa kizuizi cha barabarani anaifungia karanga. Mama yule alipoleta mkataba, kurasa sita za Kifaransa cha herufi ndogondogo, mimi niligeuza moja kwa moja mpaka ya mwisho. Hapakuwa na muhuri. "Ah non, Madame," nikamwambia, "hapa hatudanganywi. Muhuri uko wapi?" Akastaajabu, akasema saini inatosha. Nikakataa. Nilimrudisha na kurasa zake, nikijiona mwanamke mjanja kuliko wote wa Jette, na nikamweleza msichana kwenye ngazi jinsi Wazungu wanavyoogopa mtu anayejua haki zake.

Aliporudi, muhuri ulikuwepo. Wa duara, wa bluu, umekaa vizuri. Niliugusa kwa kidole.

Mzee akashika kalamu, lakini kabla ya kusaini akanigeukia. Kifaransa chake kilikuwa maneno kama thelathini. Alisema mwenyewe, bila mjukuu: "Madame wa juu, umesoma?"

"Nimesoma, papa."

Sikuwa nimesoma. Nilikuwa nimetazama muhuri.

Akasaini kwa maandishi ya kwao, mazuri sana, na siku iliyofuata gari dogo jeupe likabeba vifuko vyote. Tulisimama kwenye njia ya miguu tukapunga mikono. Mwenye mbwa naye alitoka kutazama. Nilimwambia kwa sauti kwamba ile ni hazina, na yeye si mtu wa kujua.

Tulisubiri wiki tatu, maana walisema kuna kazi ya kuvipokea. Kisha tukaitwa, Jumamosi asubuhi. Mzee alivaa koti lake la sherehe na msichana akachukua ile skafu ya kufungia macho. Mimi nilibeba biskuti, kwa sababu mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Tulipanda tramu tukiwa na furaha, msichana akijifanyia mtihani wa ile kumi na tisa kwa sauti ya chini, mzee akimsahihisha kwa kugonga goti lake.

Ukumbi ulikuwa mkavu kweli, walivyoahidi. Makabati marefu ya chuma, taa nyeupe, baridi ya kushika mifupa. Yule mama alitupokea kwa mabusu matatu, akatupa glavu. Nikafikiri ni usafi. Akavuta droo. Vile vifuko vya kitambaa havikuwepo. Kila mmea ulikuwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, na namba. Mzee alivitazama, akauliza vifuko vyake viko wapi. Vimewekwa kwingine, akajibiwa, kwenye sehemu ya nguo.

Msichana akakaa chini, akaitoa skafu yake, akaanza kujifunga macho.

"Anafanya nini?" akaniuliza yule mama.

"Anajiandaa kuonja. Leo ni ya ishirini."

Uso wake ukabadilika. Akanishika kiwiko, akaanza kuongea haraka. Makabati haya ni ya zamani, akasema. Wale waliotangulia walipaka mimea sumu ili wadudu wasiile, sumu kali, na haijatoka mpaka leo. Imo kwenye makabati, kwenye vumbi, kwenye hewa ya droo. Ndiyo maana ya glavu. Kitu kikishaingia humu hakiliwi tena, hata kikitolewa. Imeandikwa kwenye mkataba, ukurasa wa nne. Alidhani tunajua. Alidhani mimi nimewaeleza.

Alikuwa anasema na mimi kwa Kifaransa cha mbio, na msichana alikuwa na kitambaa machoni, akisubiri, akidhani ni mazungumzo ya wakubwa. Na mzee hakuelewa hata neno. Mzee alikuwa ameshavua glavu. Alifungua mfuko mmoja, akatoa mzizi, akauvunja vipande viwili. Kimoja akakitia mdomoni, akatafuna, akafumba macho. Baada ya wiki tatu alikuwa amekutana na kitu chake. Akatabasamu. Akasema, "Honglen." Kisha akakipeleka kipande cha pili kwenye mdomo wa mjukuu wake, naye, kama kila Jumamosi, akaufungua.

Niliupiga ule mkono. Mimi. Niliupiga kwa nguvu zangu zote za kugeuza wagonjwa, na mzizi ukaruka, ukagonga kabati, ukaanguka. Msichana akang'oa skafu. Mzee alikuwa ameshika mkono wake, ananitazama. Hakuna aliyewahi kumpiga, nadhani, tangu mwalimu wake.

"Ni sumu!" nilikuwa napiga kelele kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna mtu mle ndani aliyeijua. "Ni sumu, papa, tema! Tema!"

Tulimsukutua mdomo kwenye sinki la wafanyakazi. Yule mama alilia kuliko sisi sote, akasema kiasi kile hakiui, na kweli hakikumdhuru. Msichana ndiye aliyemweleza babu yake. Nilimwona akieleza: kabati, sumu, karatasi, ukurasa wa nne. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, maji yakimchuruzika kidevuni, kisha akasema maneno machache. Nikauliza amesema nini. Msichana hakutaka kunitafsiria. Alinitafsiria kwenye tramu, tulipofika karibu na nyumbani, akitazama nje: "Amesema ulifanya vizuri kumzuia. Amesema yeye angenilisha sumu."

Mbona hakunitukana? Ningeweza kujibu matusi, matusi nimeyazoea. Aliendelea kunifungulia mlango. Alinimiminia ile supu yake ya chai. Alinishika mshipa kwa vidole vitatu na kusema silali, na sote tulijua silali kwa nini. Nilimwambia siku moja, kwa Kifaransa chepesi ili asihitaji mjukuu: "Papa, sikusoma. Nilikudanganya." Akasema, "Najua, Madame wa juu. Muhuri." Akachora duara hewani kwa kidole. Nikalia mbele yake mpaka nikaona aibu.

Somo la Jumamosi halikufa siku ile, lilikonda tu. Alijaribu kumfundisha ile ishirini na mbili iliyobaki kwa maneno. Huu unaanza kama ganda la chungwa, kisha unakuwa kama chuma. Huu ni mchungu kuliko ule wa tano, lakini uchungu wake unakaa mbele. Msichana alisikiliza, akarudia, na nilikuwa namwona ulimi wake unatembea mdomoni mtupu ukitafuta. Baada ya wiki kadhaa mzee akaacha. Alisema kumfundisha mtu ladha kwa maneno ni kumfundisha uongo, na mgonjwa ndiye atakayeulipia. Yule mama naye alikuja mara mbili na mashine ya kurekodi na picha nzuri, kila mmea na namba yake, amwambie majina. Mzee alizitazama picha moja moja kwa adabu. "Picha siijui," akasema. "Nipe niweke ulimini, nitakwambia." Alifariki majira ya kuchipua, kwenye kitanda cha hospitali, na mimi ndiye niliyemwosha.

Ulipopita kama mwaka, yule mama akanipigia. Wana mimea arobaini, bila ule uliooza, na hawajui ni nini. Majani yaliyopondwa, mizizi iliyokatwa, unga. Vipimo vinawapa jibu nusu nusu, na hata jibu likipatikana halisemi mmea ulitibu nini wala ulichanganywa na nini. Mjukuu anaweza kuja? Msichana akaenda, peke yake. Alivaa glavu. Walimtolea mfuko wa kwanza hadi wa mwisho, na mara zote arobaini alisema hajui.

Jioni alipanda kwangu, nikamchemshia maharage. Nikamuuliza kama kwa macho haiwezekani kabisa kutambua.

"Inawezekana," akasema. "Ile kumi na tisa niliitambua yote kabla hawajaweka mfuko mezani."

"Sasa mbona ulisema hujui?"

Akala kijiko kimoja, cha pili. "Mimea wameichukua, tantine. Majina ni yangu."

Mume wangu alicheka, akasema huyo ni mtoto wa Lubumbashi aliyepotea njia. Mimi sikucheka. Nililala nikiwaza: kumi na tisa. Si kitu kikubwa, lakini si sifuri. Yule mama akanipigia tena kesho yake, kwa upole wake uleule. Alisema anajua msichana anaficha. Alisema akinyamaza, hata hiyo kidogo itapotea, na je, mzee angetaka hivyo? "Anakuheshimu, Madame. Wewe ukimwambia, atakubali. Ulimshawishi babu yake."

Naona haya kuandika kinachofuata. Nilivaa ndala zangu nikashuka. Nilikuwa nimepanga maneno tayari, mazuri, kuhusu vizazi vijavyo, kuhusu nyanya yangu, na nilipofika mlango wa ghorofa ya pili nilikuwa nayaamini yote. Nikabisha. Akafungua, bado na aproni ya kazini. Alinitazama usoni muda mrefu, jinsi babu yake alivyokuwa akitazama.

"Usiniombe, tantine," akasema.

Sikuwa nimefungua mdomo bado.